Bingwa Ambaye Amu Inamhitaji

Jumapili iliyopita barazani kwetu Mkomani, hapa mjini Amu (Lamu), kulikuwa na furaha. Mtoto wa ndugu yangu amemaliza ubingwa wa upasuaji Nairobi. Kahawa ikapita, halwa ikapita, wazee wakamwombea dua. Kisha akatwambia: "Ami, mwakani narudi darasani miaka 2. Nasomea upasuaji wa njia ya mkojo kwa watoto." Watu wakampongeza. Mimi kikombe kilinipolea mkononi.

Hebu tuhesabu. Miaka 6 ya shahada, 1 ya mafunzo kazini chini ya wakubwa, 5 ya ubingwa. Hiyo ni 12, mbali na ile aliyotumikia kabla ya kuruhusiwa kwenda kusoma. Sasa anataka ubingwa bobezi, yaani wa tawi moja tu la upasuaji, na kazi aliyokwisha kuijua ndiyo Amu inayoililia.

Namlaumu kwa sababu ya kaka yangu. Kaka ana minazi yake kisiwani Pate. Ngiri ilikuwa ikimshuka miaka mingi, akiisukuma kwa kidole na kuendelea na kazi. Usiku mmoja wa kusi ikashuka, isirudi. Ngiri ikikabwa, utumbo hukosa damu, na baada ya saa chache huanza kufa. Maji yalikuwa yametoka, na Mkanda, mlango wa bahari kati ya kisiwa cha Manda na bara, hakupitiki maji yakiwa makavu. Kuzunguka nje ya Manda kwa bahari ile nahodha alikataa, na hakukosea. Tukangoja. Kaka amelala juu ya mbao za boti, magoti kayakunja kifuani, shati limelowa jasho la baridi, kila mara ananiuliza, "Yameanza kujaa?" Nami namulika ukingo kwa tochi, namjibu bado.

Tulipofika hospitali hapa Amu, daktari wa upasuaji hakuwepo. Alikuwa amekwenda kusomea tawi jingine. Tukavuka hadi Mokowe, upande wa bara, tukapanda ambulensi, zaidi ya kilomita 200 mpaka Malindi. Huko walimkata kipande cha utumbo kilichokwisha kuwa cheusi. Alhamdulillahi, yu hai. Lakini ngiri ile ingewahiwa mapema, ingekuwa operesheni ya kawaida kabisa kwa mpasuaji yeyote aliyehitimu.

Tazameni maradhi yetu. Mkwezi kaanguka mnazini. Mzee ana busha la miaka 20, haendi tena msikitini kwa haya. Mtoto kapigwa teke na punda. Kidole tumbo kimepasuka. Kazi hizi zinataka mkono mpana, na mkono huo mwanangu anao leo. Akishabobea, ataushughulisha na jambo moja tu, na jambo hilo halitakuwa hapa. Kaunti nzima, kwa sensa ya 2019, ina watu 143,920. Watoto wenye kasoro za njia ya mkojo watakuwa wangapi kwa mwaka? Mpasuaji asiyepasua ugonjwa wake mara kwa mara hupoteza wepesi wa mkono, kwa hiyo itambidi akae Nairobi wanakokusanyika wagonjwa wa nchi nzima. Sisi tutabaki kumsifu kwa mbali.

Najua kuna watoto wanaomhitaji bobezi huyo, na mama zao wana haki kama mimi. Saratani nayo haitibiwi na kila mtu. Basi aende, ila asiende sasa. Afanye kazi miaka 5 kwanza, apasue, akosee kidogo na kujirekebisha, aijue mikono yake. Atakayesoma baada ya hapo atajua anachokitafuta. Habari ya mshahara siigusi, kila mtu ana watoto wa kulisha.

Nilimweleza haya yote baada ya isha, tukiwa wawili. Akasikiliza kwa adabu, kisha akaniuliza: "Ami, nikibaki peke yangu, nitakuwa zamu siku 30 za mwezi. Na wa nusukaputi akiwa likizo, nitampasuaje mtu?"

Hapo alinishika, kwa kuwa ni kweli. Afya iko mikononi mwa kaunti tangu 2013, na kumwajiri bingwa mmoja kisha kumwachia kisiwa kizima ni kumfukuza. Waajiriwe wawili wa upasuaji, na wa nusukaputi wawili, wapokezane. Hilo nitalipeleka mwenyewe kila kikao cha bajeti watakachotuitia wananchi. Lakini na yeye, mwanangu, naomba fomu ya kuomba masomo hayo isitoke mwaka huu. Kaka yangu ana ngiri ya upande wa pili, na ameanza tena kuisukuma kwa kidole.