Paswedi ya Nani?

"Shikamoo shangazi." Hata sijashusha pumzi ananikatiza: "Marahaba. Ile mashine yako inataka paswedi. Ipi?"

Shangazi ana duka la steshenari. Laptopu yake kuukuu nilimwekea mwenyewe Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, kwa hiyo simu za saa mbili asubuhi ni halali yangu. Na ukweli ni kwamba swali lake ni la haki kabisa. Ipi?

Maana ziko tatu, na visanduku vinavyoziomba vinafanana kama mapacha. Kuna ya kuingilia, ambayo ni yake. Kuna ya msimamizi, ninayo mimi. Halafu kuna ya shada la funguo, ile hazina inayotunza paswedi za waifai na za kivinjari. Hiyo hufunguka yenyewe mtu anapoandika paswedi ya kuingilia. Mimi, kwa kumhurumia, nikaiseti mashine iingie bila kuuliza. Shada likabaki limefungwa, na kila akifungua kivinjari kisanduku kinachomoza. Nilimwondolea mlinzi mlangoni, kumbe amehamia sebuleni.

"Kinasema msimamizi," ananiambia. "Msimamizi si mimi? Duka la nani?"

Utamjibu nini? Hata mafundi hatusemi lugha moja. Linux ina matoleo mengi. Kwenye lile la Ubuntu, sudo, amri ya kuazima mamlaka ya msimamizi, inataka paswedi yako mwenyewe. Kwenye openSUSE, kwa mpangilio wake wa muda mrefu, amri hiyo hiyo imekuwa ikitaka ya root, yaani msimamizi mkuu. Debian inategemea: ukimpa root paswedi wakati wa kusakinisha, wewe huingizwi kwenye kundi la wanaoruhusiwa sudo. Na kwenye teminali, lile dirisha la kuandikia amri, mara nyingi unaandika huku hakionekani kitu, hata nyota, mpaka udhani kibodi imekufa.

Mwaka 2012 Linus Torvalds, muasisi wa Linux mwenyewe, aliwaka hadharani juu ya openSUSE. Binti yake alimpigia kutoka shuleni kwa sababu hakuweza kuongeza printa bila paswedi ya msimamizi. Kama ilimfika yeye, shangazi yangu ana kosa gani?

Sipingi kufuli kwenye kusakinisha programu. Lakini printa? Saa? Polkit, inayosimamia maombi haya, inaruhusu kila kitendo kiwe na kanuni yake, na aliyekaa mbele ya mashine anaweza kuachiwa bila kuulizwa. Kwa hiyo chombo kipo. Wanaopanga mfumo ndio huchagua kuuliza. Nami naogopa mazoea yake: mtu anayeulizwa mara kumi kwa siku huandika bila kusoma, na siku kisanduku cha tapeli kikitokea, ataandika vilevile.

Jumamosi nilikwenda dukani nikarudisha paswedi ya kuingilia, shada likatulia. Chini ya kibodi nikakuta karatasi aliyoibandika kwa gundi. Mstari wa kwanza: YA ASUBUHI. Wa pili: YA MSIMAMIZI, na mbele yake hakuna paswedi, kuna namba yangu ya simu.