Tiba ya akili bila mwanasaikolojia chumbani

Likitajwa wazo la kuwafunza watu wasio wanasaikolojia kutoa tiba ya akili, wanataaluma wengi hukunja uso. Hofu yao ina msingi. Kumchokonoa mtu kiwewe chake bila kujua pa kumfikisha ni hatari, na maskini hastahili huduma hafifu eti kwa sababu ni maskini.

Hata hivyo, utafiti wa mashariki ya Kongo uliochapishwa mwaka 2013 katika New England Journal of Medicine unafaa kusomwa polepole. Vijiji 16 viligawanywa kwa bahati nasibu. Katika baadhi, wanawake walionusurika ukatili wa kingono walipata, hasa katika vikundi, tiba iliyoasisiwa na mwanasaikolojia Patricia Resick: mtu hufundishwa kuikagua fikra inayomtesa, kama vile "mimi ndiye mwenye kosa", na kuuliza ina ushahidi gani. Vijiji vingine vilipewa msaada wa mtu mmoja mmoja. Pande zote mbili zilihudumiwa na wasaidizi Wakongomani ambao si wanasaikolojia.

Miezi 6 baadaye, asilimia 9 ya waliopata tiba ndio waliokuwa bado na dalili za sonona au wasiwasi mkubwa. Upande wa pili, asilimia 42. Wengi huishangilia ile 9. Mimi siachi kuitazama 42. Wanawake hao hawakutelekezwa. Walikuwa na mtu wa kuwasikiliza na kuwafariji, na wengi walipata nafuu. Bado pengo likabaki kubwa kiasi hicho, ingawa wahudumu walikuwa wa aina ileile. Kwa hiyo si huruma iliyoleta tofauti, wala shahada. Naona ni mbinu.

Kuna la kupinga hapa: huenda ni kikundi chenyewe kilichoponya, na hali ya wengi haikufuatiliwa hadi mwisho: waliokamilisha vipimo vyote vitatu vya utafiti walikuwa asilimia 65 upande wa tiba na 52 upande wa msaada. Hoja hizi ni nzito, lakini sioni zikilifuta pengo lote.

Kinachorukwa mno ni usimamizi. Wasaidizi wale walikuwa na wasimamizi Wakongomani, na juu yao wataalamu waliowafunza waliendelea kufuatilia kazi. Hapo ndipo saa chache za mwanasaikolojia zinapofika mbali. Mradi unaolipia semina ya wiki moja kisha ukawaacha wahudumu peke yao na visa vya ubakaji, huo hata mimi ningeupinga pamoja na wanataaluma.