Si bure hata kidogo
Nimesoma makala inayosema mitandao ya kijamii, kama Facebook na YouTube, ni huduma ya bure. Hapana, ndugu mwandishi. Mwaka 2023 Meta, wenye Facebook na Instagram, waliingiza zaidi ya dola bilioni 130, na karibu zote zilitokana na matangazo. Kinachouzwa pale ni macho yetu. Ndiyo maana video ikiisha nyingine inaanza yenyewe kabla hujaweka simu chini, na ukurasa hauishi hata uuvute vipi. YouTube angalau huwapa watayarishaji walio kwenye mpango wake asilimia 55 ya mapato ya matangazo ya video ndefu, na hilo nalipongeza. Ila mtazamaji, ambaye muda wake ndio mtaji, hata haulizwi. Sheria ilazimishe video za kujianzisha zizimwe tangu mwanzo kwenye akaunti za watoto.