Made in Hong Kong: ufinyu wa bajeti si hoja

Kila inapotajwa Made in Hong Kong, filamu ya Kikantoni ya mwaka 1997 iliyoongozwa na Fruit Chan, mazungumzo huanzia kwenye fedha: bajeti ya takriban dola 500,000 za Hong Kong, kikosi cha watu watano, na mikanda ya filamu iliyosalia katika kazi za wengine. Habari hizo ni za kweli, ingawa wasimuliaji husahau mara kwa mara kwamba Andy Lau, nyota mkubwa wa sinema na muziki, alikuwa nyuma ya mradi huo kama mtayarishaji. Tatizo ni kwamba zimefanywa kipimo cha sanaa yenyewe.

Watetezi husema kuwa uhaba wa vifaa uliilazimisha kamera kuwa mkweli. Hoja hiyo ina uzito. Moon, kijana aliyeacha shule na kuwa mkusanya madeni wa bosi wa Triad, yaani magenge ya kihalifu ya Kichina, anaishi katika majengo ya nyumba za serikali yenye korido ndefu na milango ya nondo, mbali sana na Hong Kong ya kung fu iliyozoeleka katika mabanda ya video ya Afrika Mashariki. Sam Lee, aliyeigiza nafasi hiyo, hakuwa mwigizaji. Alionekana mtaani akicheza na ubao wake wa magurudumu. Na wakati sinema nyingine za jiji hilo zilikuwa zikiwapamba vijana wa magenge kama mashujaa, Moon anapopewa bastola tunaonyeshwa kwanza mauaji ya madaha anayoyawazia, kisha tunamwona akishindwa kuyatenda. Hata hivyo, tukio hilo halikuhitaji umaskini; lilihitaji mwandishi aliyejua tofauti kati ya kijana na picha anayojichorea kichwani, na hata bajeti mara kumi isingelizaa peke yake.

Wakosoaji nao wana haki wanaposema kuwa misiba imerundikwa kupita kiasi. Mwanafunzi anajirusha kutoka ghorofani, Ping, msichana anayependwa na Moon, anaugua figo, na Sylvester, rafiki wa Moon mwenye ulemavu wa akili, anaonewa na kila mtu. Ping hasa amepewa maradhi zaidi ya alivyopewa nafsi. Wapo wanaozitetea kasoro hizi kwa kukumbusha kuwa filamu ilitengenezwa kwa shida, utetezi ambao naona ni wa huruma tu, kwa sababu kuandika nafasi ya msichana kwa kina hakugharimu mkanda hata mmoja.

Kuhusu siasa, filamu ilitoka miezi michache baada ya Uingereza kuikabidhi Hong Kong kwa China tarehe 1 Julai 1997, na kwa kuwa inaishia na maneno ya Mao Zedong, mwasisi wa China ya kikomunisti, kwa vijana yakisikika redioni, wengi huisoma yote kama fumbo la makabidhiano. Kejeli hiyo ipo, lakini deni, baba aliyetoroka na genge linalosubiri mlangoni vilikuwepo kabla ya bendera kubadilishwa.

Mwaka 2017 filamu ilikarabatiwa kwa ubora wa 4K. Katika nakala hiyo korido bado zinabana na Moon bado anaaminika, ilhali nafasi ya Ping imebaki nyembamba vilevile.