Wilaya inayochelewa kulipa hununua ghali

Keti kwenye kibanda chochote cha chai karibu na makao makuu ya wilaya huku kwetu mpakani mwa Uganda, uliza kwa nini fundi fulani hodari hakupeleka zabuni ya madawati. Utaambiwa tenda ina mwenyewe. Watu wanaamini mshindi hujulikana kabla tangazo halijabandikwa ubaoni, na siwezi kusema wanakosea kila mara. Rushwa ipo, na ofisi ya IGG, yaani Mkaguzi Mkuu wa Serikali anayepambana na rushwa, haikuundwa bure. Lakini nimezungumza sana na mafundi, wauza saruji na akina mama wanaopikia warsha za wilaya, na kadiri ninavyowasikiliza ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba kinachowafukuza wengi wao ni kitu kingine, ambacho hakizungumzwi kwenye redio wala kwenye mikutano ya kampeni. Wilaya inachukua mali na hailipi. Au inalipa mwaka unaofuata, jambo ambalo kwa mtu mdogo ni lile lile.

Sheria tunayo, tena si mbaya. Zamani kila wilaya ilikuwa na bodi yake ya zabuni, na wajumbe wake waliteuliwa na baraza la wilaya. Kwa hiyo diwani aliyekuwa na deni la kampeni alijua mlango wa kubisha. Baada ya sheria ya ununuzi wa umma ya mwaka 2003 kuunda mamlaka ya kusimamia ununuzi huo, tunayoiita PPDA, marekebisho ya mwaka 2006 yaliziondoa bodi hizo, na kazi ikaenda kwa kamati ya mikataba yenye watumishi wa umma. Juu yao yupo afisa masuuli, mtendaji anayewajibika kwa fedha za ofisi, yaani CAO (afisa mtendaji mkuu) kwa wilaya na karani wa mji kwa manispaa. Tangu hapo diwani hana kiti katika kamati hiyo. Mshindi wa tathmini anatangazwa ubaoni, na aliyeshindwa ana haki ya kulalamika, kwanza kwa afisa masuuli mwenyewe na hatimaye hata mbele ya baraza la rufaa lililoundwa na marekebisho ya mwaka 2011. Hayo yote yanalinda hatua moja tu ya safari, ile ya kumchagua mshindi. Akishachaguliwa, akatia saini, akaleta mali, ulinzi unakwisha. Anabaki yeye, ankara yake na mlango wa mhasibu.

Tufanye hesabu ya mfano. Shule za msingi zinahitaji madawati 100. Fundi wa hapa anajua dawati moja la watoto watatu, kwa mbao iliyokauka vizuri, linamgharimu shilingi 130,000 pamoja na misumari, vanishi na ujira wa vijana wake. Akiuza kwa 150,000 anaridhika: jumla ni milioni 15, na faida yake milioni 2. Mtaji wote hana. Anakopa milioni 10 kwenye SACCO, chama cha akiba na mikopo, kwa riba ya asilimia 3 kwa mwezi. Wilaya ikimlipa baada ya mwezi mmoja, riba ni 300,000 na anabaki na cha kupeleka nyumbani. Ikimlipa baada ya miezi saba, riba inafika milioni 2 na laki moja. Faida yote imekwenda na ametoa laki moja mfukoni mwake. Na siku fedha inapotoka, kama hana cheti cha msamaha, asilimia 6 inakatwa kwanza kama kodi ya zuio, ambayo kwa milioni 15 ni 900,000. Kweli itahesabiwa kwenye kodi yake ya mwaka, lakini karani wa SACCO haupokei mkato huo kama marejesho.

Sasa jiweke mahali pa fundi huyo mwaka unaofuata, tangazo likibandikwa tena. Ama atakaa pembeni, ama ataandika 180,000 ili riba ya kusubiri iwe ndani ya bei. Anayebaki uwanjani ni mfanyabiashara mwenye mtaji wa kungoja, au mwenye jamaa ndani ya ofisi anayehakikisha faili lake halilali. Huyo akiona wenzake wamekimbia, anaandika 200,000 bila wasiwasi. Bajeti ni ile ile milioni 15. Kwa bei hiyo wilaya inapata madawati 75. Madawati 25 yaliyokosekana ni watoto 75 wanaoandika wakiwa wamekaa sakafuni, na hakuna aliyeiba hata shilingi. Kamati ya tathmini ilifuata kanuni, wakaguzi watakuta karatasi zote zipo.

Jambo hili linaniuma kwa sababu halionekani. Bei iliyopandishwa na hongo inaweza kuchunguzwa siku moja, akakamatwa mtu. Bei iliyopandishwa na ucheleweshaji haina mshtakiwa.

Hata ubora unaenda. Fundi aliyekwisha kupewa kazi na kuanza kuogopa kwamba atangoja hutafuta pa kubana. Anaacha mbao kavu ananunua mkaratusi mbichi, kwa kuwa ni rahisi na unapatikana mara moja. Dawati linapendeza siku ya kukabidhi, mwenyekiti wa LC 5, yaani wa wilaya, anapigwa picha akiwa amelikalia. Muhula wa pili mbao zimejikunja, misumari imelegea, na mwalimu mkuu anazipanga nyuma ya darasa kama kuni. Tunamlaumu fundi, na lawama anastahili. Mimi nawauliza pia waliomnunulia: mlimlipa lini?

Kwa nini wilaya inachelewa? Watumishi watakwambia fedha hazijafika kutoka Kampala, na ni kweli kwa sehemu kubwa. Wilaya zetu huishi kwa fedha za serikali kuu, nazo huja kwa robo za mwaka. Mapato ya ndani ni ushuru wa soko, leseni na maegesho, na tangu kodi ya kichwa iliposimamishwa mwaka 2005 hakuna kilichoziba pengo hilo sawasawa. Nchi ilikuwa na wilaya 33 mwaka 1986. Leo zimepita 130, na nyingi kati ya hizo mpya zina afisa ununuzi mmoja anayebeba mzigo wa watu wanne, na mhandisi wa kukaimu. Kijana mmoja wa kitengo cha ununuzi nilimkuta akiandika nyaraka za zabuni za visima, choo cha shule na matengenezo ya gari la wagonjwa, zote wiki ile ile. Sina moyo wa kumwita mzembe.

Ila kuna sehemu ambayo Kampala haihusiki. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, na bajeti huwa imepitishwa kabla ya hapo. Hata hivyo katika wilaya nyingi Septemba inakuta idara hazijajaza fomu za mahitaji. Mwalimu wa idara ya elimu yuko kwenye semina, mhandisi hajachora, kamati ya mikataba haijapata akidi. Tangazo linatoka Desemba, zabuni zinafunguliwa baada ya sikukuu, tathmini inakwenda hadi Machi, kisha mshindi anabandikwa na siku za malalamiko zinahesabiwa. Mikataba mikubwa bado husubiri idhini ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Kazi inaanza Aprili mvua ikinyesha. Ikifika Juni 30, fedha isiyotumika inarudi kwenye Mfuko Mkuu wa Serikali, kama sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya mwaka 2015 inavyotaka. Fundi aliyemaliza kazi Julai 5 amemaliza katika mwaka ambao fedha yake haimo. Anaambiwa aingizwe kwenye madeni. Mzee mmoja mjenzi aliniambia, "Mwanangu, deni la serikali halifi, lakini mimi nitakufa." Alikuwa amejenga vyoo vya shule viwili.

Serikali kuu imeliona tatizo la kazi mbovu na zinazochelewa, na dawa yake imekuwa kuondoa ununuzi mikononi mwa wilaya. Katika mpango wa shule mpya za sekondari na vituo vya afya uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, wizara za Kampala zilishika sehemu ya zabuni, na kazi za wilaya kadhaa zikafungwa pamoja. Baadaye Rais akaagiza ujenzi wa shule na vituo vya afya ufanywe na brigedi ya uhandisi ya UPDF, jeshi letu la taifa. Ninaheshimu nia hiyo. Wanajeshi wamejenga majengo mazuri, na mtu anayeona kituo cha afya kimesimama hatauliza kimejengwa na nani. Lakini fimbo ya mbali haiui nyoka. Kampala haitafunga zabuni ya madawati 40 ya gombolola moja, wala ya kuziba bomba la soko. Manunuzi madogo madogo yatabaki wilayani daima, na hayo ndiyo yanayoweza kulisha mafundi wetu. Kila kazi inayoondolewa hapa inaondoka na mishahara ya vijana waliojifunza ufundi hapa, halafu tunashangaa wanapovuka mpaka kutafuta vibarua Kenya.

Naona pia namna tunavyowaambia vijana na akina mama wajiunge kwenye vikundi, wajisajili, wapate leseni na cheti cha URA, mamlaka ya kodi, kwa sababu sheria sasa inataka sehemu ya ununuzi itengwe kwa ajili yao pamoja na watu wenye ulemavu. Ni sheria nzuri na niliifurahia. Lakini kikundi cha akina mama kumi waliochanga mtaji wa kushona sare hakiwezi kumkopesha CAO kwa miezi minane. Malipo ya awali yanaruhusiwa, ila yanadai dhamana ya benki, na benki inadai hati ya shamba, na shamba lina jina la mume au la baba mkwe. Ukimtengea mtu nafasi ya kuuza bila kumhakikishia siku ya kulipwa, umemtengea hasara.

Ninachotaka kinaweza kufanyika bila sheria mpya wala mkopo mwingine. Kwenye ubao ule ule unaobandikwa jina la mshindi, kibandikwe kila mwezi kikaratasi cha ankara: mali ilipokelewa lini, ankara ililetwa lini, ililipwa lini. Kiandikwe Kiswahili na lugha ya wenyeji pia, kwani muuza mbao hasomi Kiingereza cha kamati. Mkataba usitiwe saini baada ya Machi kwa kazi isiyoweza kukamilika na kulipwa kabla ya Juni 30. Na idara isiyoleta mahitaji yake ndani ya mwezi wa Julai itajwe kwa jina katika kikao cha baraza, mkuu wake akiwa amesimama hapo.

Madiwani wasiseme hawana nguvu kwa sababu hawamo katika kamati ya mikataba. Kupanga nani ashinde si kazi yao, na iendelee kutokuwa. Kuuliza madeni ni kazi yao kabisa. Wananchi nao tunayo Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2005, inayoipa ofisi siku 21 za kujibu ombi la maandishi. Ombi langu la orodha ya wauzaji ambao wilaya yetu haijawalipa, na tarehe walizoleta mali zao, nimekwisha kuliandika. Ninawaomba mafundi, wauza vifaa na vikundi vya akina mama mnaosoma hapa mwandike ya kwenu, kila mmoja kwa wilaya yake, kabla mabaraza hayajakaa kupitisha bajeti ijayo.