Je, kusimba diski kunaifupishia maisha?

Wapo mafundi ambao mteja akiwauliza kuhusu kusimba diski, yaani kuifunga data yote kwa nenosiri ili mwizi wa laptopu asiweze kuisoma, humwambia aachane na jambo hilo. Hoja zao ni mbili: diski itachakaa upesi, na siku ikiharibika hakuna atakayeokoa chochote. Huzitoa kwa pumzi moja kana kwamba ni hoja moja, wakati ya kwanza ni nyepesi na ya pili ni nzito kwelikweli.

Programu za kusimba, kama BitLocker ya Windows, LUKS ya Linux na VeraCrypt, hufanya kazi yake kabla data haijafika kwenye diski. Kipande cha baiti 4,096 kikisimbwa, hubaki cha baiti 4,096, ila hakisomeki. Diski haiandiki zaidi wala haizunguki zaidi. Ile ya sahani huuawa na kuanguka, joto, na mota au vichwa vya kusomea kuchoka, na hayo yote hayajali kilichoandikwa humo ni picha au takataka zisizosomeka. Mzigo wa hesabu unabebwa na prosesa, na tangu mwaka 2010 Intel ilipoanza kuweka maagizo maalumu ya AES, njia ya kusimba inayotumika sana, kwenye prosesa zake, mzigo wenyewe umekuwa mdogo.

Kwenye SSD, yaani diski isiyo na sahani inayohifadhi data kwenye chipu, wenye hofu wana pa kushika, ingawa padogo. Seli zake huvumilia kuandikwa kwa idadi ya mara yenye kikomo, na kusimba diski nzima ni kuiandika yote mara moja. Lakini Samsung 970 EVO ya terabaiti 1, kwa mfano, ilikuja na dhamana ya kuandikwa terabaiti 600. Sehemu 1 kati ya 600 haimnyimi mtu usingizi. Cha kuangaliwa zaidi ni TRIM, amri inayoiarifu SSD kwamba nafasi fulani haina kazi tena. LUKS yenyewe haipitishi amri hii mpaka iruhusiwe, kwa kuwa inamwonyesha mchunguzi sehemu zipi za diski ni tupu. Matokeo yake SSD huendelea kuhamisha data iliyokwisha kufutwa, na kila kuhamisha ni kuandika. Kwa anayemhofia mwizi wa kawaida, ningesema aruhusu TRIM. Baadhi ya matoleo ya Linux tayari hufanya hivyo yenyewe.

Sasa tuje kwenye uokoaji. Diski isiyosimbwa hufa na kuacha mabaki. Hata orodha ya faili ikifutika, fundi huendesha PhotoRec, programu inayopita sekta, yaani vijisehemu vya diski, moja baada ya nyingine ikitafuta alama za mwanzo wa faili. Picha ya JPEG huanza na FF D8 FF, kwa hiyo picha za harusi zinaweza kutoka salama, zimepoteza majina tu. Kwenye diski iliyosimbwa alama hizo hazionekani. PhotoRec itapita mwanzo hadi mwisho na kurudi mikono mitupu.

Hata hivyo, si kweli kwamba sekta moja mbovu inazika diski nzima. Katika mtindo wa usimbaji wa XTS unaotumika sana leo, data husimbuliwa kwa vipande vya baiti 16, na kipande kilichoharibika hakiwaambukizi jirani zake. Fundi mwenye nenosiri la mteja hunakili kwanza diski yote kwa ddrescue, programu ya kunakili diski mbovu, kwenda kwenye diski nyingine isiyo na hitilafu, kisha huifungua ile nakala, halafu ndipo huita PhotoRec. Utaratibu ukifuatwa hivyo, kinachopotea ni karibu kilekile ambacho kingepotea bila usimbaji.

Balaa limejificha kwenye kijisehemu kimoja kidogo. Nenosiri lako halifungui data. Hufungua ufunguo mkuu uliohifadhiwa humohumo kwenye diski, na LUKS2, toleo jipya la LUKS, huuweka mwanzoni, ndani ya eneo ambalo kwa kawaida ni mebibaiti 16. Eneo la ufunguo likiharibika, nenosiri sahihi halina maana tena. BitLocker huweka taarifa zake sehemu tatu za diski, na VeraCrypt huweka nakala mwishoni. LUKS2 hurudufu maelezo, lakini funguo zenyewe haizirudufu. Ndiyo maana amri ya luksHeaderBackup ipo, na faili lake linapaswa kukaa mbali na diski hiyo. Lilindwe pia: atakayelipata pamoja na nenosiri lako la zamani ataifungua diski hata kama umeshalibadilisha.

Wengine husimbiwa bila kuombwa. Baadhi ya diski za nje za WD My Passport husimba kupitia chipu ya bodi ya USB hata kama mwenyewe hakuweka nenosiri. Bodi ikiungua, kuihamishia diski kwenye kasha lingine hakusaidii. Kompyuta za Apple zenye chipu ya T2 au M1 nazo zina ufunguo uliofungamana na chipu hiyo. Windows 11, toleo la 24H2 la mwaka 2024, likiwekwa upya huwasha usimbaji lenyewe kwenye kompyuta nyingi mtumiaji anapoingia kwa akaunti ya Microsoft, na ufunguo wa urejeshaji huenda kwenye akaunti hiyo. Laptopu iliyoandaliwa dukani kwa akaunti ya muuzaji, basi, ufunguo wake uko kwa muuzaji.

Tarehe 19 Julai 2024, sasisho bovu la CrowdStrike, kampuni ya usalama wa kompyuta, liliangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5. Diski zilikuwa nzima kabisa, lakini zenye BitLocker zilidai ufunguo wa urejeshaji wa tarakimu 48 kabla fundi hajaweza kugusa kitu.

Kwa hiyo laptopu ya zahanati au ya wakili isimbwe bila mjadala. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inautaja usimbaji miongoni mwa kinga. Lakini diski ya nje isiyotoka nyumbani, yenye nakala pekee ya picha za familia, ningeiacha wazi mpaka nakala ya pili ipatikane. Na mwenye Windows aingie leo kwenye akaunti yake ya Microsoft, ahakikishe zile tarakimu 48 zipo, azinakili kwenye karatasi.