Amenukuliwa Mara Ngapi, Lakini Amegundua Nini?

Juma lililopita nilihudhuria mhadhara wa mwanasayansi ambaye maisha yake yote ya kazi ameyatumia pale kemia ya kifizikia inapokutana na biolojia. Mwenyeji alimtambulisha kwa dakika saba nzima, na katika dakika hizo alitusomea idadi ya makala alizochapisha, jumla ya nukuu zake, yaani mara ambazo makala hizo zimetajwa katika makala nyingine, kipimo chake cha h (idadi kubwa zaidi ya makala zake ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara hiyohiyo), kisha nukuu za miaka mitano ya karibuni, huku nguzo za buluu za grafu zikipanda ukutani kama ngazi. Mgeni mwenyewe alikaa safu ya mbele akizungusha kifuniko cha kalamu. Lilisahaulika jambo moja dogo tu, nalo ni kile alichokigundua.

Hasira ile haijanitoka. Kipimo cha h, alichokipendekeza mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005, kimegeuzwa kuwa mizani ya akili za watu, ilhali hesabu yake yenyewe inachekesha ukiikazia macho. Mtafiti mwenye makala 5, kila moja ikiwa imenukuliwa mara 1,000, ana h ya 5. Mwenzake mwenye makala 40 zilizonukuliwa mara 40 kila moja ana h ya 40, na kamati ya ajira itamwona huyu wa pili kuwa jabali, ingawa nukuu zake zote hazifikii hata theluthi ya nukuu za yule wa kwanza.

Hata hizo nukuu zenyewe zinapima nini? Makala ya Oliver Lowry na wenzake ya mwaka 1951, inayoeleza jinsi ya kupima kiasi cha protini kwa rangi ya buluu, imenukuliwa zaidi ya mara 300,000, na Lowry mwenyewe alikiri kwamba haikuwa makala kubwa. Ni kifaa kizuri, na kila aliyekitumia alikitaja, kama fundi anavyoweza kuitaja nyundo yake. George Sheldrick naye alichapisha mwaka 2008 historia fupi ya programu zake za kuchambua fuwele, na kwa makala hiyo moja jarida lililoichapisha likaruka, katika kipimo cha athari (wastani wa nukuu za makala zake za karibuni), kutoka kama 2 hadi karibu 50. Wengine wote waliokuwa na makala humo wakawa ghafla watu wa jarida tukufu, bila kuongeza hata nukta katika kazi zao. Wanaojinukuu wenyewe siwagusi leo.

Anayeniuma zaidi ni Rosalind Franklin. Huyu alikuwa mwanakemia ya kifizikia hasa: shahada yake ya uzamivu, aliyoipata Cambridge mwaka 1945, ilihusu makaa ya mawe, na baadaye akaonyesha kwamba kaboni nyingine hugeuka grafiti zikipashwa moto mkali na nyingine hukataa katakata. Akiwa King's College, London, aliielekeza mionzi ya eksirei kwenye nyuzi za DNA, molekuli inayobeba urithi, na picha iliyopigwa na mwanafunzi wake Raymond Gosling mwezi Mei 1952 ilikuja kuonyeshwa kwa James Watson, aliyekuwa akisaka muundo wa DNA pamoja na Francis Crick huko Cambridge, pasipo Franklin kujua. Mwaka uliofuata Watson na Crick walichapisha muundo wa DNA, na mwishoni mwa makala yao wakaandika kwamba walichochewa na ufahamu wa jumla wa matokeo ya Maurice Wilkins, mwenzake Franklin pale King's, na ya Franklin mwenyewe, ambayo yalikuwa hayajachapishwa. Hayajachapishwa! Mashine ya kuhesabu nukuu haina jicho la kuisoma sentensi hiyo, kwa maana kisichochapishwa hakina pa kuhesabiwa. Franklin alihamia kwenye virusi, akafanya kazi ya kupigiwa mfano, akafariki mwaka 1958 akiwa na miaka 37. Kipimo cha h hukua kwa miaka, naye miaka hakuipata.

Nitakubali jambo moja, tena kwa shingo upande: takwimu hizi humsaidia mtafiti asiye na mjomba katika kamati, kwa kuwa bila takwimu yoyote wakubwa wangeteuana kwa urafiki. Lakini kumkinga mnyonge dhidi ya upendeleo hakumlazimishi mtu kusoma orodha ya nukuu kwa dakika saba mbele ya mwenye kazi.

Wakati wa maswali, binti mmoja aliyekaa nyuma aliuliza kwa sauti ya woga ni kitu gani hasa kinachoifanya protini ijikunje kwa umbo lilelile kila mara. Mgeni akaiweka kalamu mezani, akasimama, akaanza kutuchorea hewani kwa mikono yote miwili jinsi sehemu zinazokwepa maji zinavyojificha ndani na zinazoyapenda zinavyobaki nje, na kwa mara ya kwanza jioni ile uso wake ukachangamka. Ndiyo kwanza alikuwa anaingia kwenye vipimo vyake mwenyewe vya joto pale mwenyeji alipoinuka, akatazama saa, na kututangazia kwamba kwa bahati mbaya muda ulikuwa umekwisha.